Nusu Kichwa, Barabara ya Kumi na Nne

Siku ya kwanza hakuvuka hata barabara.
Alisimama ng'ambo, kwa fundi baiskeli,
mkono mmoja kwa mama, mwingine umeziba sikio,
nywele zimemkaa kichwani kama kiota cha mnana.
Mashine yangu ikinguruma huku ndani,
yeye kule nje anainamisha shingo kama anayerushiwa jiwe.

Mama yake, Bi Mwanakombo, akavuka peke yake.
"Kinyozi, sikuja kunyolesha.
Nimekuja kukuomba miezi miwili."

Nikacheka. Ngamiani hii, kichwa ni dakika kumi.
Watoto wakorofi hushikwa: mjomba miguu, baba mabega,
analia, ananyolewa, yamekwisha.
"Huyu alishashikwa," akasema. "Mara moja.
Tangu hapo hata kitana hakitaki."

Akatoa chungwa la Muheza, akalimenya,
akaligawa juu ya sahani ya bati.
Vipande kumi na kimoja. Nilivihesabu, sikuwa na mteja.

Kipande cha kwanza hakikuwa cha kufika.
Kilikuwa cha kugeuza uso kuelekea mlango wangu,
kufumba na kufumbua,
na mama akamtia kinywani kabla uso haujarudi ulikotoka.

Kesho yake kugeuza uso hakukununua kitu.
Sufiani akageuza, akangoja. Akageuza tena.
Akapiga mguu chini. Akalia kidogo.
Halafu, kwa hasira tu, akasogea hatua moja.
Chungwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Cha jana hakinunui leo,
lakini cha leo hakimpiti cha jana ila kwa unywele.
Usiniletee methali ya kibaba.
Anayejaza kibaba anakijua ukubwa wake;
yule mama hakuwa na kibaba, alikuwa na jicho.

Kizingiti kilitula wiki nzima.
Kiti: kwanza kukigusa, kisha kukikalia nusu, mguu mmoja uko tayari kukimbia.
Kitambaa gotini, si shingoni.
Mashine imezimwa, imelala kiganjani mwake kama kobe.
Siku umeme ulipokatika mtaa mzima
akaiendesha ukutani, brrr, kwa mdomo wake mwenyewe,
nikampa vipande viwili
kabla mama hajaniambia.

Ijumaa moja nikaharakisha.
Benchi limejaa, watu wanataka kuwahi msikitini,
nikaiwasha nyuma ya sikio lake bila neno.
Kwetu Tanga husemwa waja leo, waondoka leo;
Sufiani aliondoka kabla hajaja,
kitambaa kinamburuzika hadi kwa fundi baiskeli.

Nikangoja kutukanwa.
"Turudi kizingitini," mama akasema,
kama mtu anayesema turudi sokoni, tumesahau chumvi.

Usiku ule, nikifagia nywele za wengine, nikakumbuka.
Siku niliposhusha sauti, aliniambia ahsante.
Niliposhusha vilevile kesho yake, kimya.
Nilipozima redio, ahsante.
Nilipopiga goti, macho yangu sawa na ya mtoto,
ahsante, na kikombe cha chai ya tangawizi.
Nikasimama na fagio langu.
Kumbe na mimi nimevushwa barabara
hatua kwa hatua, na sikuhisi mkono.

Siku mbili kabla ya Idi, mashine ikawaka.
Kiganjani kwanza. Halafu begani. Halafu shingoni.
Kipande, kipande, kipande.
Nikapanda upande wa kulia, mstari kwa mstari,
jasho langu likidondokea kitambaa chake.
Nilipofika utosini akainua mkono.
Si kunipiga. Kiganja wazi tu,
kama askari wa usalama barabarani.

Nikazima.
Mama hakusema neno. Alinitazama nitafanya nini.
Nikampa chungwa kwa ule mkono.

Akatoka hivyo, nusu amenyolewa, nusu kichaka,
Barabara ya Kumi na Nne yote ikigeuza shingo.
Fundi baiskeli akafungua kinywa.
Nikamkazia macho, akakifunga.

Kwenye droo, kando ya viwembe, nina machungwa mawili.
Kesho tunaanzia utosini,
au mlangoni, akitaka.